Mche ule ule, ardhi tofauti: Funzo la zabibu ya Chardonnay kwa mkulima

MFANYABIASHARA yeyote wa nafaka anajua kwamba neno moja tu, likiandikwa kwenye kipande cha boksi na kuchomekwa juu ya mchele, linaweza kupandisha bei. Neno hilo ni "Kyela". Mteja hulipa zaidi kwa sababu anaamini mchele wa kule unanukia kuliko wa kwingine. Na kwa kuwa jina hilo lina fedha, si kila gunia linalouzwa kwa jina la Kyela limetoka Kyela.

Hapo pana maswali mawili ambayo kila mkulima anapaswa kujiuliza. Je, ni kweli kwamba mahali zao linapolimwa panabadilisha ladha yake? Na kama ni kweli, nani anayevuna fedha inayotokana na tofauti hiyo: mkulima, msindikaji au mwenye duka?

Liko zao moja ambalo wenzetu wa nchi nyingine wameyafanyia kazi maswali haya kwa muda mrefu, wakapima, wakaandika na kutunga sheria. Zao hilo ni zabibu nyeupe iitwayo Chardonnay, inayotengenezewa mvinyo mweupe. Inalimwa Ufaransa, Marekani, Australia, Chile, Afrika Kusini na kwingineko, lakini mvinyo wake haufanani. Chupa moja huuzwa bei ya chakula cha mchana, nyingine bei ya ng'ombe, na zote mbili zimetokana na aina ile ile ya mzabibu. Wiki hii tuangalie tofauti hiyo inatoka wapi, na wakulima wa hapa kwetu, hasa wa zabibu za Dodoma, wanaweza kujifunza nini.

Mtoto wa mzabibu uliodharauliwa

Asili ya Chardonnay ni Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, ambako hadi leo kuna kijiji kidogo chenye jina hilo hilo. Mwaka 1999 wanasayansi wa California na wa Ufaransa walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba yaliyoonyesha wazazi wake. Mzazi mmoja ni Pinot, mzabibu uliothaminiwa sana Burgundy. Mwingine ni Gouais blanc, mzabibu wa wakulima wa kawaida, uliozaa sana lakini ukadharauliwa kiasi cha kupigwa marufuku mara kadhaa katika baadhi ya sehemu. Kwa maneno mengine, mvinyo mweupe unaoheshimiwa kuliko mwingine Burgundy umetokana na zabibu ambayo wakubwa hawakutaka kuiona mashambani mwao.

Sifa kubwa ya Chardonnay ni kwamba ladha yake yenyewe si kali. Ziko zabibu ambazo ukizionja popote unazitambua kwa harufu. Chardonnay haiko hivyo. Ni kama wali mweupe, ambao huchukua ladha ya mchuzi unaomwagiwa. Kwa sababu hiyo ni zao zuri sana la kujifunzia: ukibadilisha hali ya hewa, udongo au namna ya kusindika, tofauti inaonekana haraka kwenye glasi.

Kinachotokea ndani ya punje

Ili tuelewe tofauti hizo, tuanze na zabibu ikiwa bado shambani. Punje changa ina tindikali nyingi na sukari kidogo. Kadiri inavyoiva, sukari hupanda na tindikali hushuka. Sukari ndiyo ambayo hamira huigeuza kuwa kileo, na tindikali ndiyo inayoupa mvinyo ule uchachu unaoamsha mate.

Tindikali kubwa mbili za zabibu ni maliki, ambayo imo pia kwenye tufaa bichi, na tatariki, ambayo sisi tunaijua kwenye ukwaju. Tatariki ni ngumu kidogo kupotea. Maliki ndiyo inayosumbua: mmea huitumia kama kuni, na joto likiwa kali, hasa usiku, huteketea upesi. Kwa hiyo mahali penye usiku wa baridi zabibu hubaki na uchachu wake, na mahali penye joto mchana na usiku sukari hupanda haraka huku uchachu ukipotea.

Harufu nayo hufuata mkondo huo huo. Chardonnay ya mahali pa baridi hukumbusha limau na tufaa bichi. Ya mahali pa vuguvugu hukumbusha pichi na tikiti. Ya mahali pa joto huelekea kwenye nanasi, embe na ndizi mbivu. Hakuna matunda hayo ndani ya mvinyo. Ni harufu zinazofanana nayo, zinazotokana na zabibu yenyewe na uchachushaji.

Mwaka 1944 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Amerine na Winkler, walichapisha njia rahisi ya kuyapanga maeneo kwa joto. Mzabibu haukui kwa kiasi cha maana chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Basi kila siku ya msimu unachukua wastani wa joto, unatoa 10, na kinachobaki ndicho pato la siku. Siku yenye wastani wa nyuzi 18 inatoa 8. Unajumlisha siku zote za msimu wa miezi saba, kuanzia Aprili hadi Oktoba kwa nchi za kaskazini. Jumla isiyozidi 1,390 hivi ni daraja la kwanza, la baridi. Jumla inayozidi 2,220 ni daraja la tano, la joto kali. Chardonnay bora kwa kawaida hutoka kwenye madaraja ya chini. Msomaji aishike hesabu hii, kwa sababu tutaitumia tena tutakapofika Dodoma.

Chablis: baridi, chokaa na mishumaa

Tuanzie kwenye baridi. Chablis ni mji mdogo kaskazini mwa Burgundy, karibu kilometa 180 kusini mashariki mwa Paris. Mvinyo wenye jina hilo ni lazima utokane na Chardonnay tupu. Mashamba yake bora yako juu ya udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa yaliyojaa visukuku vya chaza wadogo, kwa kuwa zama za kale sana mahali hapo palikuwa bahari.

Wanywaji wengi husema mvinyo wa Chablis una ladha ya jiwe na chumvi ya bahari, na wauzaji hufurahi kuwaambia kwamba ni chaza wale wanaoonja. Wataalamu wa miamba hawakubaliani na hadithi hiyo. Mizizi hainyonyi ladha ya jiwe. Udongo hufanya kazi kwa njia nyingine: jinsi unavyopitisha maji ya ziada, unavyohifadhi akiba kidogo ya kiangazi na unavyopata joto. Mzabibu usio na maji mengi hupunguza majani na kuivisha matunda yake taratibu. Ladha ile kali ya Chablis inatokana zaidi na uchachu, na uchachu unatokana na baridi.

Baridi hiyo ina gharama. Chardonnay huchipua mapema, na Chablis usiku wa Aprili unaweza kushuka chini ya sifuri. Mkulima wa Njombe au Makete aliyewahi kuona viazi vyake vimeunguzwa na sakitu anaelewa hofu hiyo. Wakulima wa Chablis huamka usiku na kuwasha mamia ya mishumaa mikubwa kwa kila hekta, au kunyunyizia maji ili yagande na kulifunika chipukizi kama koti. Hata hivyo, mwaka 2016 na mwaka 2021 sakitu iliharibu sehemu kubwa ya zao.

Aidha, wamegawa ardhi yao katika madaraja manne: Petit Chablis, Chablis, Premier Cru na Grand Cru. Grand Cru ni mteremko mmoja wa hekta 100 hivi juu ya mto Serein, unaotazama kusini na magharibi, ambako jua hupiga vizuri zaidi. Vuka bonde dogo tu, jina linabadilika na bei inabadilika. Sheria pia huweka kikomo cha mavuno: Chablis ya kawaida msingi wake ni kama lita 6,000 kwa hekta, na Grand Cru ni pungufu ya hapo.

Ukishuka kusini, ndani ya Burgundy hiyo hiyo, mambo yanabadilika. Vijiji vya Meursault na Puligny-Montrachet vina joto zaidi kidogo, na mvinyo wake ni mzito na laini kuliko wa Chablis. Shamba maarufu la Montrachet lina eneo la karibu hekta 8 tu, lililogawanywa kwa wamiliki wengi, na mvinyo wake ni miongoni mwa ghali zaidi duniani kati ya ile myeupe. Endelea kusini hadi Mâcon na utapata Chardonnay ya matunda yaliyoiva, ya kunywewa mapema na kwa bei nafuu. Mwaka 2015 UNESCO iliyaweka mashamba ya Burgundy, yale yanayozunguka miji ya Beaune na Dijon, katika orodha ya urithi wa dunia. Kilichotambuliwa ni utaratibu wenyewe wa kugawa ardhi kipande kwa kipande kwa karne nyingi.

California: ukungu wa asubuhi una thamani

Kwa muda mrefu Wafaransa waliamini kwamba Chardonnay ya kweli ni yao peke yao. Mei 24, 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliandaa shindano Paris ambapo waonjaji wa Kifaransa walionja bila kuona majina. Kwenye mvinyo mweupe, alama za juu zilikwenda kwa Chardonnay ya mwaka 1973 ya Chateau Montelena ya California.

Lakini California ni kubwa, na si kila sehemu yake ingeweza kushinda. Eneo la Carneros liko karibu na ghuba ya San Pablo, na upepo na ukungu wa bahari hupoza mashamba hadi jua linapopanda. Zabibu hubaki na uchachu wake ingawa mchana jua ni kali. Ukiingia Bonde la Kati la jimbo hilo, mbali na bahari, kuna joto kali, ardhi tambarare, maji ya mifereji na mashine za kuvunia. Huko Chardonnay huzaa sana, lakini mvinyo wake ni laini bila msisimko, na mara nyingi msindikaji hulazimika kuongeza tindikali.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye malipo ya mkulima. Kila mwaka serikali ya jimbo huchapisha ripoti ya zabibu zilizosindikwa, ikionyesha bei ya kila aina kwa kila wilaya. Tani ya Chardonnay ya Napa hulipwa zaidi ya mara tano ya tani ya kusini mwa Bonde la Kati. Aina ya mzabibu ni ile ile. Mahali na hali yake ndiyo vinavyotofautiana. Zaidi ya hayo, mkulima anaijua bei ya jirani yake kabla hajakaa mezani na mnunuzi.

Chile nao walitumia ujanja wa bahari. Mapema miaka ya 1980, bonde la Casablanca, kati ya Santiago na Valparaíso, halikuwa na sifa yoyote ya mvinyo. Mtaalamu Pablo Morandé aliona kwamba ukungu unaoletwa na mkondo baridi wa bahari ya Pasifiki ungeweza kufanya kazi ile ile inayofanyika Carneros, naye akapanda mwaka 1982. Leo bonde hilo linajulikana kwa mvinyo mweupe. Mahali palikuwapo siku zote. Alihitajika mtu wa kupapima.

Australia: zao likizidi soko

Wapo wanaoweza kudhani kwamba jibu ni kupanda Chardonnay popote na kuzalisha kwa wingi. Australia walijaribu njia hiyo. Katika miaka ya 1990 Chardonnay yao ya jua kali, tamu kwa harufu na rahisi kunyweka, ilipendwa sana Uingereza na Marekani. Mashamba mapya yakafunguliwa kwa maelfu ya hekta, mengi yakiwa kwenye maeneo ya joto yanayomwagiliwa kwa maji ya mto Murray, kama Riverland.

Baadaye wanywaji wakachoka. Wengine wakawa wanasema wataagiza chochote isipokuwa Chardonnay. Katikati ya miaka ya 2000 zabibu zilizidi mahitaji, na baadhi ya wakulima waliziacha zikauke mtini kwa kuwa bei haikulipa gharama ya kuvuna. Novemba 2009 taasisi za sekta hiyo zilitoa tamko la pamoja kwamba angalau asilimia 20 ya mizabibu inayozaa ilikuwa ya ziada.

Walioumia zaidi ni wale waliouza zabibu zisizo na sura, ambazo mnunuzi angeweza kuzipata kwingine kwa bei ile ile. Maeneo ya baridi kama Tasmania na Yarra Valley, au yenye jina kama Margaret River, yalikuwa na kitu ambacho Riverland haikuweza kukitoa. Hadi sasa tani ya Chardonnay ya Tasmania hununuliwa kwa bei inayozidi mara tano ile ya Riverland.

Hata hivyo, bei kubwa si faida kubwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Shamba la joto linatoa tani 20 kwa hekta, kwa shilingi 600 kilo. Hiyo ni shilingi milioni 12. Shamba la baridi linatoa tani 7, kwa shilingi 3,000 kilo; hiyo ni milioni 21. Kama gharama za shamba la kwanza ni milioni 9, na za lile la pili, lenye kuvuna kwa mkono na kupambana na sakitu na ukungu wa majani, ni milioni 19, basi shamba la bei ndogo limebakiza milioni 3 na la bei kubwa milioni 2. Anayekimbilia jina bila kupiga hesabu anaweza kuishia kuwa maskini mwenye sifa.

Afrika Kusini na miche ya magendo

Jirani zetu wa Afrika Kusini wana mfano wa namna mbili. Karibu na Hermanus, kwenye bonde la Hemel-en-Aarde, upepo wa bahari baridi hutoa Chardonnay yenye uchachu na wepesi. Robertson, ndani zaidi ya bara, kuna joto zaidi, lakini udongo una chokaa na jioni upepo huingia, hivyo Chardonnay ya huko ni nzito zaidi lakini si butu.

Njia ya kufika hapo haikuwa rahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, taratibu rasmi za kuingiza vipandikizi zilikuwa ndefu, na baadhi ya wakulima wakaamua kuviingiza kwa magendo. Baadaye iligundulika kwamba baadhi ya mizabibu iliyopandwa kama Chardonnay ilikuwa aina nyingine kabisa, Auxerrois. Mwaka 1986 iliundwa tume kuchunguza jambo hilo. Mkulima alikuwa amepoteza miaka ya kutunza kitu kisicho chake. Kabla ya kuzungumzia ardhi, hakikisha mche ni wa aina uliyoambiwa.

Mkono wa msindikaji

Tuwe waangalifu hapa. Si kila ladha inatoka shambani. Ile ladha ya siagi inayotajwa sana kwenye Chardonnay hutokea kiwandani, pale bakteria wanapoigeuza tindikali kali ya maliki kuwa tindikali laini kama ya maziwa ya mgando. Vanila na mkate uliookwa hutoka kwenye mapipa ya mwaloni. Chablis ya kawaida husindikwa kwenye matangi ya chuma kisichoshika kutu, ndiyo maana haina ladha hizo. Meursault huchachushwa kwenye mapipa.

Hivyo msindikaji anaweza kufunika ladha ya mahali kwa mwaloni mwingi, na wapo waliofanya hivyo kwa zabibu hafifu. Asichoweza ni kurudisha kile ambacho shamba halikutoa. Anaweza kuongeza tindikali na anaweza kuongeza harufu ya pipa, lakini usawa unaotokana na zabibu iliyoiva polepole haununuliwi dukani.

Jina lisipolindwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye soko la leo methali hiyo ina upungufu, kwa sababu kizuri nacho huibiwa jina. Kwa miaka mingi viwanda vya Marekani viliuza mvinyo mweupe wa bei rahisi kwa jina la "Chablis", ingawa haukutoka Chablis na mara nyingi haukuwa hata wa Chardonnay. Makubaliano ya mwaka 2006 kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya yalizuia nembo mpya za namna hiyo, lakini zile za zamani ziliachwa ziendelee.

Ndiyo maana nchi zinazozalisha zimeweka masharti. Afrika Kusini, kwa utaratibu wake ulioanza mwaka 1973, hutaka zabibu zote zitoke kwenye eneo lililotajwa. Marekani, kwa maeneo yaliyosajiliwa ya zabibu, na Australia hutaka angalau asilimia 85. Sharti lolote liwalo, maana yake ni moja: kuna mtu anayekagua. Bila mkaguzi, anayefaidika na jina ni yule aliye karibu na mteja, na mkulima hubaki na bei ya kilo tu.

Mahali nako kunahama

Jambo jingine ni kwamba mahali si kitu kilichosimama. Mji wa Beaune, Burgundy, una kumbukumbu za tarehe za kuanza kuvuna tangu mwaka 1354. Watafiti waliozichambua walichapisha mwaka 2019 kwamba tangu mwaka 1988 mavuno huanza kwa wastani siku 13 mapema kuliko zamani. Zabibu inawahi kuiva, katika siku zenye joto zaidi, na uchachu unapungua. Wakati huo huo kusini mwa Uingereza, ambako zamani palionekana pa baridi mno, Chardonnay inapandwa kwa ajili ya mvinyo wenye povu, na kampuni ya Champagne ya Taittinger ilinunua ardhi huko Kent mwaka 2015.

Dodoma ifanye nini?

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya joto. Chablis, kwa wastani wa nyuzi 15 hadi 16 katika msimu wake, hukusanya kati ya 1,070 na 1,280 kwa miezi saba. Dodoma ina wastani wa nyuzi 23 hivi. Ukitoa 10, kila siku inaingiza 13, na kila mwezi 390. Kwa miezi mitatu tu tumefika 1,170. Kwa maneno mengine, joto ambalo Chablis hulipata kwa msimu mzima, Dodoma hulipata kwa robo mwaka. Hiyo ndiyo sababu mkulima wa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na ndiyo sababu pia asitarajie Chardonnay ya Chablis itoke Hombolo au Mpunguzi.

Hilo si jambo la kusikitikia. Chenin Blanc, ambayo tayari inalimwa Dodoma, inasifika kwa kuhifadhi uchachu wake hata penye joto, na ndiyo zabibu nyeupe inayoongoza kwa wingi Afrika Kusini. Makutupora Nyekundu nayo ina jina la hapa hapa. Funzo la Chardonnay si kwamba tuipande. Ni kwamba tuijue ardhi yetu kama wenzetu wanavyoijua yao. Mkulima, hata mwenye nusu ekari, anaweza kuanza na mambo manne.

Kwanza, aandike. Daftari la shilingi mia kadhaa linatosha: tarehe ya kukata matawi, ya maua, ya mvua, ya mavuno na kilo zilizopatikana. Beaune walianza na tarehe tu, na leo ni hazina.

Pili, apime utamu kabla ya kuvuna. Kipimo kidogo cha mkononi, refraktomita, huonyesha sukari kwa kiwango kiitwacho briksi. Kwa Chardonnay ya mvinyo wa povu huvunwa kwenye briksi 18 hivi, na ya mvinyo wa kawaida kwenye maeneo ya joto 22 hadi 24. Kila aina na kila kiwanda kina kiwango chake. Muulize mnunuzi kabla ya msimu. Kikundi kinaweza kuchangia kununua kipimo kimoja.

Tatu, avune alfajiri. Kwenye maeneo ya joto ya Australia na California huvuna usiku ili zabibu zifike kiwandani zikiwa bado za baridi. Dodoma hilo linawezekana bila mashine, mradi usafiri uwe umepangwa.

Nne, zabibu za shamba la mlimani zisichanganywe na za bondeni. Zikitenganishwa tangu shambani, msindikaji ataweza kuonja tofauti, na kikundi kitakuwa na hoja ya kudai bei tofauti. Zikishachanganywa kwenye tenga moja, hoja hiyo imekufa.

Sehemu iliyobaki si ya mkulima peke yake. Kituo cha utafiti cha Makutupora kinaweza kusaidia upande wa aina na miche. Viwanda vinaweza kulipa kwa ubora badala ya uzito peke yake. Serikali inaweza kutangaza bei kwa aina na kwa eneo, kama California inavyofanya, na kulinda jina la Dodoma kisheria kabla halijapata thamani ya kuibiwa. Ikisubiri hadi thamani hiyo ipatikane, yatatukuta yale yale ya Kyela: jina litakuwa kubwa sokoni, na mkulima aliyelizaa atalisikia likitajwa na mtu mwingine.